Vichwa Nilivyomchagulia Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo mwanangu kacheka mpaka magego yameonekana. Nilishasahau kama anayo! Ripoti yake imekubaliwa kazini kwake, Kituoni. Imepanda kwa wakubwa, wakubwa wameisoma, wameisifu. Kafika nyumbani jua bado kali, kanikumbatia na aproni yangu ya magamba. Siku nyingine huniambia, Mama, kaoge kwanza basi. Leo hata pua hakukunja.

Mwaka mzima wa vichwa! Wavuvi wakishusha, mimi napara samaki wa watu pale mezani kwangu sokoni, nakusanya vichwa vya wale samaki changu ndooni, barafu juu, gunia lililolowa juu ya barafu, nabeba hadi geti la Kituo cha utafiti wa bahari. Mlinzi anapokea huku kageuza uso. Narudi zangu. Ndani kwenyewe sijawahi kuingia.

Na yote hayo kwa ajili ya vijiwe. Nyuma ya ubongo wa samaki kuna vijiwe viwili vyeupe, kama punje za mchele. Nimepara samaki tangu sijaolewa na sikuwahi kuvijua! Kila kimoja wanakikata, wanakisugua kiwe chembamba, wanakitia chini ya hadubini, wanahesabu miviringo kama ya kisiki cha mti. Mviringo mmoja mwaka mmoja. Samaki anatembea na umri wake kichwani. Mimi wangu hata siujui vizuri, wazazi wangu hawakuandika.

Nilifurahi ilipokuwa kazi ya mezani. Mwanzo walitaka azamie na mtungi mgongoni. Wiki ile sikulala, natazama tu dari. Nikasema afadhali vichwa.

Na vichwa navyo vikaja na mambo yake. Siku za mwanzo alikuwa anavipasulia hapa hapa uani. Nikamletea kichwa cha changu mkubwa hasa, mfupa kama jiwe, kisu kikateleza kikaingia kidoleni. Damu! Vichwa vyote vya siku zile vikaishia kwa paka. Kidole kikavimba, kikatunga usaha, hospitali wakataka kukikata. Nililia kuliko yeye. Tangu siku ile namchagulia vile vidogo, laini, kisu kinapita kama kwenye papai. Vikubwa vina mwenyewe — Mpishi wa bweni la wanafunzi, anakuja na baiskeli yake na kapu, vidogo hata haviangalii. Basi kila mtu kapata chake. Mwanangu hajui. Si lazima mama ashukuriwe kwa kila kitu.

Akina mama wa meza nyingine nao walinichangia vyao. Mwanzo waligoma. Isije ikawa mambo ya serikali haya! Nikawaapia kwa kaburi la mama yangu: ni masomo ya mtoto tu.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Hajaniambia siku zote hizi! Leo ndiyo kasema, kwa kuwa sasa hana hofu. Profesa, yule mkubwa wake, kamwahidi kwamba kwa ripoti hii ataajiriwa moja kwa moja. Ofisi yake mwenyewe, mlango wenye kitasa. Nikamwuliza, na bima? Kasema, na bima Mama.

Nikauliza na ripoti yenyewe inasema nini. Maana nimebeba ndoo mwaka mzima kama punda asiyejua anapeleka nini. Kasema, samaki wa ghuba yetu ni watoto watupu. Wazee hawapo. Tunawavua kabla hawajazaa.

Alisema kwa huzuni, lakini macho yanang'aa. Kama daktari aliyegundua ugonjwa mgeni.

Nikaguna. Ni kweli wamepungua, siwezi kukana. Zamani ukipara changu mmoja mkono unauma. Sasa hao wa kuuma mkono ni wa kusubiri. Lakini wapo. Nilitaka kumwambia wapo, simu yake ikaita. Ni Profesa. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya dukani, ya kubembeleza mteja. Nikatoka nje nikamwachia chumba.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempigia pasi blauzi nyeupe. Jumatatu anaenda kusimama mbele ya wakubwa. Nimeipiga, nimeining'iniza, nimeishusha nimeipiga tena. Kanitania, Mama utaiunguza iwe kahawia tuanze upya.

Sokoni nimewaambia wenzangu kwamba mtoto kafaulu. Jirani yangu wa meza, Spika — tulimpa jina kwa sababu akinong'ona wanasikia hadi kwenye maegesho — kapiga vigelegele soko zima likageuka. Kadagaa wetu! Kadagaa wetu kawa daktari wa samaki! Wanamwita hivyo tangu alipokuwa mdogo, analala chini ya meza yangu kwenye boksi la barafu lililo kavu. Nimewanunulia chai. Roho yangu nyeupe leo.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Gari la kipaza sauti lilikuja tukiwa katikati ya kazi. Vijana wawili wakashuka, wakapaka gundi ukutani karibu na chumba cha barafu, wakabandika tangazo. Ghuba inafungwa! Miaka miwili. Mwezi ujao mwanzoni, hakuna kushusha nyavu, hakuna ndoano, hakuna mtu. Anayetaka aende bahari kuu — na mashua zipi?

Spika ndiye aliyesoma kwa sauti. Akafika pale, "kutokana na utafiti uliofanywa na Kituo kuhusu umri wa changu katika ghuba." Akanyamaza. Spika! Akanyamaza. Halafu akageuka taratibu, na wote wakageuka, kama waliovutwa na kamba moja.

"Umri wa changu," akasema. "Vichwa vyetu, dada."

Nikasema jamani, mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui kweli! Mmoja akasema, Mama Daktari hajui lakini ndoo ilikuwa inajua njia. Mwingine akasema, tulitoa vichwa bure, sasa tunatoa na matumbo yetu. Wakacheka. Si kicheko kile cha siku zote. Yule mama wa meza ya mwisho, mwenye wajukuu wanne ndani na hakuna mkwe wala mtoto wa kumsaidia, hakuniangalia. Alikuwa anafuta kisu chake kwa aproni, anafuta, anafuta, kisu kimeshakauka zamani.

Niliapa kwa kaburi la mama yangu. Naye huko aliko kachafuliwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimezozana na mwanangu. Sikutaka.

Nilimngoja ale kwanza. Nikamwuliza, ulijua watafunga? Kasema alijua inawezekana. Ulijua na ukanyamaza, mimi nanunua chai soko zima? Kasema, Mama, ningekuambia ungeenda kuwaambia, na bado ilikuwa siri ya ofisi.

Basi akaanza kunifundisha. Ghuba ikipumzika, samaki watakua, watazaa, watarudi kwa wingi, hata hao akina mama watafaidika. Nikasema sawa, miaka miwili hiyo wanakula nini? Kasema kutakuwa na mpango mbadala. Nikamwuliza, huo mpango unapikwa au unakaangwa?

Akaweka kijiko. "Ndiyo maana mtu hawezi kuongea na wewe."

Imenichoma. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, kwa vitabu vyake vya darasa la pili, nakaa naye kibarazani, yeye ananisahihisha mimi. Mtoto wa miaka minane mkali kama nini! Siku hizo mtu aliweza kuongea na mimi.

Baba yake hayupo wa kuamua, yuko kwa familia yake nyingine anaongea nayo huko.

Ijumaa, 15 Machi

Naandikia nyuma ya chumba cha barafu, kwenye bomba la kunawia. Siku hizi ndipo ninaponywea chai. Benchi letu likiniona linajaa, ghafla kila mtu kawa na kapu la kuweka pembeni yake.

Leo niliomba kinoo ninoe kisu. Spika kasema, kakichukue Kituoni, nasikia huko kila kitu kinasuguliwa.

Mzaha mzuri huo. Ningekuwa si mimi ningecheka.

Nimepara kwa kisu butu hadi kidole gumba kimepata malengelenge.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeenda Kituoni. Sikumwambia mwanangu. Nilioga mara mbili, nikavaa gauni la harusi za watu, nikaenda kuomba. Nilikuwa nimepanga maneno yangu: wafunge, sawa, lakini wafunge nusu. Upande mmoja upumzike, upande mmoja watu wale.

Mlinzi hakunijua bila ndoo! Kaniamkia vizuri kabisa.

Ndani kunanuka dawa na, chini ya dawa, samaki. Harufu yetu ile ile, ila wao wameifungia ndani. Kwenye ukumbi kuna matangi ya kioo, maji yanabubujika, na kuna sinki kubwa na mabuti ya mpira yamepangwa. Mwanangu hakuwepo, alikuwa chumba cha pili. Mtu mzima mmoja mwenye miwani kwenye kamba akaniuliza, mama nikusaidie? Nikasema nimetoka sokoni, nimekuja kuhusu ghuba. Ndiye Profesa mwenyewe!

Nilitegemea mtu wa kufoka. Mpole! Kanipa kiti. Kanisikiliza hadi mwisho. Kasema, mama, hata mimi inaniuma, njoo nikuonyeshe ujue hatukuonei. Akafungua droo — vijiwe vyetu, kila kimoja kwenye kikaratasi chake, vimelala kama meno ya watoto. Akaniwekea kimoja kwenye hadubini. Nikainama. Miviringo! Safi, mmoja ndani ya mwingine. Machozi yakanilenga, sijui kwa nini. Nikawaza mwanangu ndiye aliyekisugua hiki.

Hapo mwanangu akaingia. Mikononi ana trei. Kuniona tu, rangi ikamtoka.

Profesa akasema, tuna mgeni kutoka sokoni, mnafahamiana?

Na mwanangu kasema, "Ndiyo, ni mmoja wa wale akina mama."

Akaniamkia. "Shikamoo mama." Kama anavyomwamkia mama yeyote njiani. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Profesa akaendelea, yeye hana habari. Ukutani kuna picha ya vijiti vimesimama. Akasema, huku kushoto ni samaki wachanga, unaona vijiti vilivyo virefu, wengi sana. Huku wanapungua. Na kuanzia hapa — akapitisha kiganja chake kwenye karatasi nyeupe, hakuna kijiti hata kimoja — hapa ndipo walipotakiwa kuwa samaki wakubwa, wa miaka mingi. Mwaka mzima, mama. Hatukupata hata kichwa kimoja. Ghuba isiyo na wazee imekwisha. Ndiyo maana tukafunga.

Nikauangalia ule weupe.

Nikaliona kapu la Mpishi.

Limejaa, macho ya changu wakubwa yanatazama juu, baiskeli imeegemezwa kwenye meza yangu. Kila siku. Mwaka mzima. Mimi mwenyewe namfungia kamba asije akamwaga njiani.

Maneno yote niliyopanga yakaniyeyuka. Nikaaga. Profesa akanisindikiza hadi mlangoni, mwanangu kabaki na trei yake.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwambia.

Asubuhi, kabla hajavaa viatu. Mimi ndiye niliyetakiwa kukasirika, kwa lile la "mmoja wa wale akina mama." Nilikuwa nimelitafuna usiku kucha. Lakini nilipofungua mdomo lilitoka hili jingine. Nikasema, mwanangu, ule weupe ukutani ni mimi.

Hakuelewa. Nikamweleza kidole, nikamweleza vidogo, nikamweleza Mpishi. Kwanza alicheka! Kidogo, puani. Halafu akakaa kitandani na kiatu kimoja.

Akauliza, tangu lini? Tangu ulipojikata. Na wale wenzio wengine? Nao vikubwa wanampa Mpishi, nani atatoa bure kichwa chenye mnunuzi? Akasema, Mama, nilikuambia ulete vichwa vyote kama vinavyokuja, usichague! Kweli alisema. Siku ya kwanza. Lakini siku ya kwanza kidole kilikuwa kizima. Nikasema, wewe ulikuwa unalia mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, mimi nikumbuke usichague?

Akakiweka chini kile kiatu.

Halafu mimi nikauliza langu. Mwanangu, wewe umesoma. Kwa nini hukuja kuchukua mwenyewe? Nikadhani atasema kazi nyingi. Akaangalia ukuta akasema, nilitakiwa nije. Kila wiki, nisimame pale mashua zinaposhusha, nipime samaki mzima mzima. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti.

Ilivyoandikwa na nani?

"Na mimi."

Yaani kaandika alikuwa pale. Na hakuwa pale. Nikasema, kwa nini? Akapandisha sauti: kwa sababu nilikuja mara moja na mwenzangu wa Kituo, na Spika akapiga kelele Kadagaa, Kadagaa, njoo nikupe makalio ya samaki ukanenepe, na mwenzangu akaenda kusimulia ofisi nzima! Wiki nzima wananiita Kadagaa. Sikurudi.

Kwa jina la utotoni! Kwa mzaha wa Spika, ambaye alimnyonyesha siku niliyolazwa!

Nilitaka nimkumbatie na nilitaka nimnase kofi, vyote kwa mkono mmoja.

Nikasema, basi mwambie Profesa, ni mtu mpole. Akasema, atakuwa mpole, Mama, halafu atanifukuza kwa upole. Na hakuna kituo kingine kitakachonichukua. Mtu aliyedanganya data haajiriwi hata kufagia.

Alipofika mlangoni akageuka. Nikadhani atasema neno. Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

Jumatano, 20 Machi

Hakula. Mimi pia.

Si kweli, mimi nilikula kwa kusimama, jikoni. Njaa ya wasiwasi.

Jumamosi, 23 Machi

Spika kaja nyumbani. Kwangu! Kakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuhani. Kaongea taratibu, nikaogopa kuliko anavyopiga kelele.

Kasema manahodha wamekataa ghuba kufungwa. Wamekwenda na changu mzima, mkubwa, wamemlaza juu ya meza ya ofisi ya uvuvi: huyu naye ni mtoto? Basi ofisi imemwandikia Profesa, na Profesa kakubali. Jumatatu anakuja sokoni mwenyewe. Ataangalia samaki wanavyoshushwa na atawauliza wapara samaki mmoja mmoja, vile vichwa vilikuwa vinatolewaje.

Halafu Spika akasema, "Mwenzangu, kama kuna kitu unajua, kiseme. Kama tulikukosea, tuambie. Lakini usituache hivi."

Nikamtengenezea chai. Nikasema sijui kitu. Alinywa yote, akaenda.

Mwanangu alikuwa chumbani anasikiliza. Alipotoka macho mekundu. Kasema, Mama, Jumatatu mwambie Mpishi asije mapema. Hivyo tu. Hakusema na wewe udanganye. Kaniachia hilo nilimalizie mwenyewe, kama anavyoniachia vyombo.

Nikachukua kikombe cha Spika nikakiosha. Nikisema ukweli, unga wa mwanangu unamwagika, na aibu juu. Nikinyamaza, unamwagika wa meza zote zile, na wangu humo humo. Na nani ajuaye? Pengine samaki wamekwisha kweli! Pengine ghuba inahitaji kupumzika hata kwa vichwa vikubwa. Mwanangu mwenyewe sasa hajui. Hiyo ndiyo inayomtoa machozi, nadhani. Hajui na hawezi kuuliza.

Mpishi sijamwambia kitu. Si kwa uamuzi. Simu nimeishika, nimeiweka.

Jumatatu, 25 Machi

Naandikia kwenye bomba. Haraka.

Wamekuja asubuhi mashua zikishusha. Profesa na mabuti mapya, na mwanangu nyuma yake ameshika ubao wa kuandikia na kipimo. Kavaa ile blauzi nyeupe! Sokoni! Nikawaza, itaingia magamba. Mtu anaungua, mimi nafikiria blauzi.

Walipima samaki kwanza. Wadogo, wadogo, wadogo, halafu mkubwa. Wadogo tena, halafu wakubwa wawili. Wachache kweli. Lakini wapo, kila mtu kawaona, Profesa kawaona. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Mwanangu anaandika, hainui kichwa.

Halafu Profesa akaanza kuuliza meza kwa meza. Yule mama wa mwisho kasema yeye alikuwa anampa jirani, jirani kasema anampa Spika. Kwa Spika akauliza, na vichwa ulikuwa unamkabidhi nani?

Spika akaniangalia. Kanipa nafasi, nimeona kabisa kanipa nafasi. Mimi nikainamia samaki wangu. Basi akasema kwa sauti yake ile, soko zima lisikie:

"Muulize mama yake!"

Profesa: mama yake nani?

"Mama yake huyu uliyekuja naye! Huyo hapo na kisu. Kadagaa ni mtoto wa soko hili, hakukuambia?"

Profesa akamwangalia mwanangu. Akaniangalia mimi. Akakumbuka, nimeona anavyokumbuka — kiti alichonipa, hadubini, shikamoo. Hakusema lolote kuhusu hilo. Afadhali angesema. Akaja mezani kwangu, akainama kidogo kama siku ile.

"Mama, vile vichwa mlikuwa mnatoa vyote vilivyopatikana, au vilikuwa vinachaguliwa?"

Na Mpishi naye huyo anaingia langoni na baiskeli yake! Anapiga kengele watu wampishe.

Nikasema, ngoja ninawe mikono.

Ndiyo niko hapa. Maji nimeyafungulia yamwagike wajue nanawa. Karatasi imelowa pembeni. Nimeandika nione kama nikiliandika neno litakuwa jepesi. Si jepesi.

Kama nisingemchagulia. Kama angejikata vidole vyote lakini — hapana. Mungu anisamehe. Hapana.

Naona viatu vya mwanangu chini ya pazia la plastiki la hapa bombani. Yuko nje hapo. Na mabuti mapya ya Profesa yako pembeni yake, na nyuma yao miguu ya wenzangu, mingi, hata haisogei.

"Mama," anaita.

Mbele yao wote! Mbele ya Profesa. Si "mama" ile ya Kituoni. Ni ile ya nyumbani, ya alipokuwa na homa.

"Mama, toka."

Sijui ananiitia niseme au ninyamaze. Nimesikiliza sauti, nimeisikiliza vizuri, mimi niliyemzaa, na sijui. Maji bado yanamwagika. Nimeshika bomba nilifunge nitoke.